ThinkPad T480: mashine ya mtumba kwa mwanafunzi wa chuo mwenye laki sita

Shilingi laki sita, ukizipeleka Kariakoo kutafuta kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, zinakuweka mbele ya bidhaa mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni mpya, imo ndani ya boksi lake, ni nyepesi na ina rangi ya kuvutia, lakini ukiuliza kilichomo ndani utaambiwa ni prosesa ya Celeron, ya daraja la chini, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao wa ndani, na hifadhi ya eMMC, aina ya polepole, ya GB 64. Ya pili ni nyeusi, ina mikwaruzo kwenye kona, imetumika miaka kadhaa katika ofisi fulani ya Ulaya, na haina boksi wala kitabu cha maelekezo. Tathmini hii inaihusu hiyo ya pili, na hasa Lenovo ThinkPad T480, ambayo nilimnunulia mpwa wangu anayesomea takwimu baada ya mimi mwenyewe kuitumia ya aina hiyo hiyo kwa kazi zangu za kila siku.

Sina ugomvi na kitu kipya. Tatizo ni kwamba Microsoft inataja GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea Windows 11, kwa hiyo mashine mpya ya namna hiyo inaanza maisha ikiwa imeshafika ukingoni. Mwanafunzi akifungua kivinjari chenye kurasa chache, hati ya Word na kikao cha Zoom kwa wakati mmoja, kompyuta inaanza kukwama, na kwa kuwa RAM na hifadhi vyote vimechomelewa, hakuna fundi atakayemsaidia. Hawezi kuongeza kitu mwaka wa pili fedha zikipatikana. Kozi ni ya miaka mitatu au minne, na kompyuta isiyoweza kukua na mahitaji hayo ni ghali hata kama bei yake ni ndogo.

Katika mitumba nako si kila kitu kinafaa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa na maneno ya dukani. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaanzia, kwa prosesa za Intel, kwenye kizazi cha nane, ukiacha chache sana za kizazi cha saba. T480 ilitoka mwanzoni mwa 2018, kwa sehemu kubwa ikiwa na kizazi hicho cha nane, na yenye kizazi hicho inaipokea Windows 11 kihalali bila ujanja wa fundi, ilhali ndugu yake T470, ambayo kwa sura huwezi kuitofautisha nayo kirahisi, haipo katika orodha ya zinazokubalika. Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Hadi kizazi cha saba, prosesa za Intel zilizowekwa katika kompyuta nyembamba za ofisini zilikuwa na viini viwili tu, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi kwa wakati mmoja, ziwe za daraja la i5 au la juu zaidi la i7. Kizazi cha nane kilizipa viini vinne. Ndiyo maana muuzaji anapokuambia, "Bosi, chukua hii ya i7, hiyo i5 ni ndogo," inakupasa uulize ni i7 ya kizazi gani, kwa sababu i7-6600U yenye viini viwili inaachwa mbali na i5-8350U yenye vinne mara tu kazi inapokuwa nzito. Usiiamini stika iliyobandikwa karibu na kibodi, kwani stika hubandikwa na kubanduliwa. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya kuhusu mfumo, usome jina kamili la prosesa: tarakimu ya kwanza baada ya kistari ikiwa ni 8, endelea na mazungumzo.

Ni haki pia kusema kwamba T480 haiko peke yake. HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 ni za rika lake, zina prosesa zile zile, zina nafasi mbili za RAM, na zimejengwa kwa ajili ya ofisi zile zile. EliteBook ina mwili wa alumini unaopendeza zaidi na mara nyingi ndiyo wanafunzi wanayoichagua kwa macho. Ukiikuta katika hali nzuri kwa bei nafuu kuliko T480, ichukue bila kusita. Kilichonifanya niegemee upande wa Lenovo ni betri.

T480 ina betri mbili. Moja imo ndani, ina uwezo wa saa-wati 24 (kipimo cha nguvu ambayo betri inahifadhi), na huioni mpaka ufungue mfuniko wa chini. Ya pili inachomekwa kwa nyuma na hushikiliwa na vifyatuo viwili unavyovisukuma kwa vidole. Hiyo ilitengenezwa kwa ukubwa wa aina tatu, yaani saa-wati 24, 48 na 72. Kompyuta huanza kutumia ya nyuma, na ikiisha huhamia ya ndani. Kutokana na mpangilio huo, katika mashine za mtumba mara nyingi betri ya nyuma ndiyo iliyochoka na ya ndani bado ina nguvu, na iliyochoka ndiyo ile ambayo mwanafunzi anaweza kuibadilisha mwenyewe akiwa amekaa kitandani hosteli, bila bisibisi, tena bila kuizima kompyuta, maadamu ya ndani ina chaji. Katika mazingira ambamo ukumbi wa mihadhara una soketi chache zinazogombewa na watu wengi, na umeme unaweza kukatika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, sijui sifa nyingine ya kompyuta ya bei hii inayolingana na hiyo.

Betri usinunue kwa kuambiwa. Dukani tuliomba kufungua kile kidirisha cheusi cha amri, tukaandika powercfg /batteryreport, na kompyuta ikatengeneza faili linalofunguka katika kivinjari. Faili hilo linaonyesha kila betri katika safu yake, pamoja na uwezo iliyokuwa nao ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao sasa ikijaa. Mashine ya kwanza tuliyopewa ilionyesha betri ya nyuma ikiwa imebakiwa na chini ya theluthi moja ya uwezo wake. "Hiyo inakaa na chaji vizuri tu, kaka," alisema kijana wa dukani, na hakuwa akidanganya kwa makusudi, kwa sababu alama ya asilimia kwenye kona ya kioo ilikuwa inasoma 100. Asilimia mia ya kitu kidogo bado ni kidogo. Tulipomwonyesha namba zile alikwenda stoo akarudi na nyingine, na ya tatu ndiyo tuliyoichukua: betri zote mbili zilikuwa zimebakiza zaidi ya robo tatu. Mpwa wangu huvuka nayo vipindi vyote vya asubuhi bila kutoa chaja begini.

Baada ya betri, jambo linalostahili muda wako ni kioo, na hapa T480 ina dhambi ambayo wauzaji hawaitaji. Mashine hii iliuzwa na vioo vya aina kadhaa vya inchi 14, na kile cha bei ya chini kina pikseli 1366 kwa 768 na ni cha teknolojia ya TN. Kwa aliyekaa mbele yake moja kwa moja kinavumilika. Kwa mwenzake aliyeketi pembeni katika majadiliano ya kikundi, rangi zinageuka na maandishi meusi yanakuwa kama yamefunikwa na maziwa, na ukikilaza kidogo kwa nyuma hali inakuwa hiyo hiyo. Zaidi ya ubora wa rangi, uchache wa pikseli unaathiri kazi yenyewe: jedwali la SPSS, programu ya takwimu, au la Excel linaonyesha safu chache, na kuweka makala ya kusoma upande mmoja na hati unayoiandika upande wa pili kunageuka adha. Kinachotakiwa ni kile cha 1920 kwa 1080 cha IPS, teknolojia isiyogeuza rangi ukikitazama kwa pembeni. Ili kujua upo mbele ya kipi, bofya kulia kwenye eneo tupu la skrini, fungua mipangilio ya onyesho, usome namba zilizoandikwa hapo. Kisha simama pembeni ya meza uangalie kioo kwa mshazari. Bei ya dukani mara nyingi haitofautishi vioo hivi viwili, kwa sababu muuzaji anapanga bei kwa prosesa, RAM na hifadhi. Huo ni upenyo wa wazi kwa mnunuzi mwenye macho, na binafsi ningekubali RAM pungufu kuliko kukubali kile kioo cha TN, maana RAM ya kuongeza inachomekwa kwa dakika chache ilhali kubadilisha kioo ni kazi ya fundi na ni gharama nyingine.

Jaribio la tatu huwashangaza wauzaji wengine, ila usiliache. Zima kompyuta, iwashe, na nembo ya Lenovo ikitokea bonyeza Enter kisha F1 ili uingie katika mipangilio ya ndani kabisa, ile ya BIOS. Ikikuomba nywila, iache hapo hapo mezani. Ofisi nyingi huweka nywila ya msimamizi katika kompyuta zao na nyingine huuzwa bila kuondolewa. Katika ThinkPad, nywila hiyo haifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya ubaoni kama watu wanavyoaminishana. Msimamo rasmi wa Lenovo ni kwamba ikisahaulika, ubao mzima hubadilishwa. Ukiwa katika mipangilio hiyo hiyo, tazama pia kama ule ulinzi wa Absolute dhidi ya wizi bado umewashwa, kwa sababu ukiwa umewashwa maana yake kampuni ya awali huenda bado inaihesabu mashine hiyo kuwa mali yake. Nambari ya mfululizo iliyoko chini ya kompyuta, ukiiingiza katika tovuti ya msaada ya Lenovo, inakuonyesha mashine hiyo ilitoka kiwandani ikiwa na vifaa gani, na kwa T480 halisi nambari ya aina huanza na 20L5 au 20L6.

Kwa upande wa RAM na hifadhi maelezo ni mafupi, kwa kuwa ndiko mashine hii isikokuwa na matata. Ina nafasi mbili za RAM ya DDR4, kwa hiyo ukinunua yenye kipande kimoja cha GB 8 unaweza kuongeza cha pili baadaye ukafikisha GB 16, kiasi ambacho kinamtosha mwanafunzi wa takwimu, biashara, sheria, ualimu au programu za kompyuta hadi anamaliza. Hifadhi isiwe ile diski ya zamani inayozunguka, hata ukiambiwa ni GB 500. SSD, yaani hifadhi isiyozunguka, ya GB 256 ina nafasi ndogo zaidi, lakini ndiyo inayoifanya kompyuta ya 2018 iwake kabla hujamaliza kuvuta kiti. T480 yetu, yenye i5-8350U, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, ilianza kwa laki sita na nusu katika kinywa cha muuzaji, tukaafikiana laki tano na nusu, na elfu hamsini zilizobaki zikaenda kwenye begi lenye sponji na kipanya. Ile RAM ya pili ilisubiri boom, yaani fedha za mkopo wa mwanafunzi, la muhula uliofuata, nayo ikasubiri bila madhara yoyote.

Kibodi ndiyo sifa ya zamani ya ThinkPad, na katika T480 bado inastahili sifa hiyo: vitufe vina kina, havipigi kelele, na kuandika kazi ya kurasa ishirini hakuachi vidole vikiuma. Imetengenezwa kuvumilia kiasi fulani cha maji yakimwagika, ingawa sishauri mtu alijaribu hilo kwa chai. Kasoro yake kwa mnunuzi wa mtumba ni lugha. Mashine zinazotoka Uingereza zina mpangilio wa Kiingereza wenye alama ya pauni juu ya 3, na hizo hazina shida; zinazotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, na za Ufaransa zinaanza na AZERTY. Wauzaji wengine hubandika stika za herufi juu ya vitufe, stika ambazo joto na jasho la vidole huzibandua mapema. Afadhali kuulizia yenye kibodi ya Kiingereza tangu mwanzo. Hakikisha pia kama ina taa chini ya vitufe, kwa sababu si zote zilizowekewa, na mwanafunzi anayelala chumba kimoja na wenzake watatu ataihitaji.

Chaja ni USB-C, ya wati 45 au 65, na hilo ni faraja kubwa: ikipotea, chaja yoyote nzuri ya USB-C yenye nguvu hiyo inafaa, hata ya kompyuta ya chapa nyingine. Upande wa pili wa faraja hiyo ni kwamba matundu ya USB-C yamechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, na yakilegea kwa kuvutwavutwa, matengenezo yake si ya fundi wa kawaida. Moja kati ya hayo mawili ni la Thunderbolt 3, USB-C ya kasi zaidi, na Lenovo yenyewe ilitangaza kwamba ThinkPad za 2017 hadi 2019 zenye tundu hilo zinahitaji kusasishiwa programu yake ya ndani, vinginevyo tundu linaweza kuacha kufanya kazi. Masasisho hayo ni ya bure na yanapatikana katika tovuti yao. Kabla ya kulipa, jaribu kuchaji kwa kila tundu kwa zamu. Kisha siku ile ile, kabla hata ya kuweka picha za familia, fanya masasisho hayo. Matundu mengine ni ya kumtosha mwanafunzi: HDMI ya projekta wakati wa kuwasilisha kazi, USB za kawaida, waya wa mtandao, na kadi ya kamera. Baadhi zina hata modemu ya laini ya simu, lakini kuwepo kwa tundu la laini si uthibitisho kwamba modemu imo ndani.

Yapo mambo ambayo T480 haiwezi, na bora yasemwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mwanafunzi wa usanifu majengo atakayeshinda ndani ya Revit au ArchiCAD ataiona nzito, kwa sababu picha zake huchorwa na Intel UHD 620 iliyo ndani ya prosesa. Zipo chache zenye kadi ya NVIDIA MX150, ambazo zingemsaidia kidogo, lakini kusema kweli yeye anahitaji bajeti nyingine. Si nyepesi pia. Inaanzia takribani kilo 1.6, na ukiiwekea betri ya saa-wati 72 inaongezeka uzito na inainuka kwa nyuma kana kwamba imewekewa kipande cha ubao. Feni yake husikika katika maktaba tulivu, hasa kama gundi ya kupitishia joto kwenye prosesa haijabadilishwa tangu kiwandani. Fundi mwaminifu huibadilisha kwa malipo madogo, na ni kazi ya kufanywa mapema.

Kuna wanaoniambia kwamba kwa fedha hizo hizo wangepata MacBook Air ya 2017. Inavutia, nakubali, lakini RAM yake imechomelewa, ina viini viwili, na mfumo wa mwisho ilioupokea ni Monterey wa 2021. Wengine hutaja Chromebook za mtumba, ambazo bei yake ni ya kutamanisha kweli kweli. Kwa anayetakiwa kutumia SPSS, Stata au AutoCAD kwenye mashine yake hazifai, na kila moja ina tarehe yake ya mwisho ya kupokea masasisho, ambayo muuzaji hatakutajia.

Programu zisikutoe fedha za ziada. T480 nyingi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows iliyohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo ukisakinisha upya toleo linalolingana nayo, hujitambua likishaunganishwa na intaneti. Muuzaji akikuwekea Windows "iliyofunguliwa" na Office ya kuvunja, mwombe afute yote, kwa sababu hujui kingine kilichoingia pamoja nayo. Uliza chuoni kama barua pepe ya chuo inakupa Microsoft 365 ya wanafunzi. Ikiwa haitoi, LibreOffice ni ya bure na inafungua faili za Word kwa kiwango kinachotosha kazi nyingi.

Duka letu lilitoa waranti ya miezi sita isiyohusu betri wala kioo, na hilo ni la kawaida katika biashara hii. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uombe nambari ya mfululizo iandikwe kwenye karatasi ya waranti, maana bila nambari hiyo hutaweza kuthibitisha kwamba mashine unayoirudisha ndiyo waliyokuuzia.

Kuhusu bei, kwa T480 yenye kioo cha IPS, RAM ya GB 8 na betri zenye afya, laki tano hadi sita naiona ni fedha halali kwa bei za sasa za Dar es Salaam. Ikifika laki saba inabidi iwe na RAM ya GB 16 na SSD ya GB 512. Muuzaji akitaja laki nane, mshukuru na umwulizie T14 ya kwanza, ya 2020, ambayo ina betri moja tu ya ndani na RAM yake ya mwanzo imechomelewa, lakini ni changa kwa miaka miwili na ina nafasi moja ya kuongezea RAM.